Msichana wa Udongo Aliyejua Kiswahili

Wiki iliyopita shuleni ilikuwa zamu ya kidato chetu kukanyaga udongo wa matofali. Wavulana wanachota maji, sisi tunapandisha sketi magotini na kuzunguka ndani ya shimo kama ng'ombe waliofungiwa. Wenzangu walikuwa wanarushiana matope na kupiga kelele. Mimi nilikuwa kimya, kama kawaida yangu, mpaka ile harufu iliponipanda puani. Udongo wa bondeni una harufu ya baridi, kuna kitu kama majani yaliyooza na kitu kama chuma. Nikasimama katikati ya shimo.

"We, umekanyaga msumari?" rafiki yangu akaniuliza.

Nikasema hapana. Ningemwambia nini? Kwamba nimejiona nikiwa mdogo, nakimbia barabarani na familia nzima ndani ya gauni? Angenicheka mpaka likizo. Mambo kama haya mimi nayaweza kwenye karatasi tu, kwa hiyo naandika.

Nyumbani ni Runazi. Baba ni Msubi wa hapa hapa, Mama alikuja na Kihangaza chake kutoka Kibimba kule Ngara, na Bibi, mama yake Baba, alikuwa na Kisubi cha zamani ambacho hata Baba alikuwa anakiuliza mara mbili. Lugha hizo zinakaribiana, kwa hiyo kila mtu aliongea ya kwake na chakula kikaiva. Kiswahili nacho kilikuwa na mahali pake. Kilikaa kwenye redio, kanisani wakati wa matangazo, kwa mtendaji wa kijiji, sokoni siku ya gulio, na shuleni. Kwa akili yangu ya wakati ule, Kiswahili hakikuwa lugha ya watu kabisa. Sikuwahi kumwona mtu akimkemea mbuzi kwa Kiswahili, wala akimbembeleza mtoto anayelia. Kilikuwa lugha ya vitu: vya redio, vya ofisi, vya ubaoni.

Nilipoanza darasa la awali nilijitahidi. Siku za mwanzo mwanzo mwalimu aliuliza kwa nini nimechelewa, nikasimama, nikasema kwa ujasiri kwamba mdogo wangu alikuwa amerara mgongoni kwangu. Amerara. Darasa zima likapasuka. Sasa wengi wao nyumbani kwao pia walikuwa wanasema hivyo hivyo, lakini ukiwa wa kwanza kukosea, wengine wote wanapata bahati ya kuwa wajuzi. Mapumziko yote walinifuata, "Amerara! Amerara!" huku wamefumba macho na kukoroma. Nikaufunga mdomo. Nilidhani nitaufunga siku hiyo tu, lakini mdomo nao una tabia yake, ukizoea kufungwa unaota kutu. Mwaka ukapita. Jina langu likawa Bubu, na nilikuwa naitika kwa kugeuza kichwa.

Nyumbani nako nikawa mtoto wa maneno ya kuhesabika. Mama akaongeza ombi moja kwenye sala za jioni, baada ya kuwaombea wagonjwa na mvua: "Na huyu mtoto, Mungu mfungue mdomo." Kaka yangu Deo, aliyekuwa darasa la tatu na mwenye maneno ya kuwatosha watu wa kata nzima, alikuwa anaitikia "Amina" kwa sauti kubwa kuliko wote halafu ananifinya.

Mwisho wa mwaka, shule ilipofungwa, Mwalimu Edina wa awali alimwita Mama. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, ananukia sabuni ya kufulia.

"Mama Deo, huyu mtoto sina ugomvi naye," alisema. "Anaandika vizuri, hapigani na mtu. Lakini hasemi. Tangu zile siku za mwanzo sijaisikia sauti yake. Darasa la kwanza watoto ni wengi, mwalimu atamfundishaje mtoto asiyejibu?"

"Atasema tu, mwarimu," Mama akajibu.

"Lini?"

Mama akanitazama. Mimi nikatazama vidole vyangu vya miguu.

"Tufanye hivi," Mwalimu Edina akasema. "Shule ikifunguliwa, uje naye asubuhi. Nitamuuliza jina lake, anapokaa, halafu anisimulie kitu chochote, hata kama ni habari ya kuku. Kwa Kiswahili. Akisema, anaingia la kwanza na wenzake. Asiposema, anabaki awali na mimi. Wala si adhabu."

Zuwena alikuwa amesimama mlangoni anasikiliza kila kitu. Zuwena ndiye mtu pekee aliyekuwa anakaa na mimi bila kuchoka, kwa sababu alikuwa anaongea yeye kwa niaba yetu wote wawili. Wazazi wake walikuwa na duka pale senta, watu wa asili ya pwani, Waislamu, na kwao Kiswahili kilikuwa kila mahali, hadi jikoni. "Sisi hata tukiota tunaota kwa Kiswahili," aliwahi kuniambia, nami nikamwonea huruma, nikidhani ndoto zake zote ni za ofisini.

Tulipotoka nje alinishika mkono. "Mwenzangu, useme bwana! Ukibaki na wale watoto wanaojikojolea, mimi nitakaa na nani?"

Nilitaka kumjibu. Nilimwazia jibu refu kabisa.

Likizo ile baba yake Zuwena alinunua runinga ya kutumia umeme wa jua, akaiweka dukani juu ya makreti ya soda. Mchana watoto tulikaa mlangoni kwenye mkeka, viatu nje, na ole wake mtu atakayeziba njia ya wateja. Siku moja ikawekwa filamu ya katuni. Ilihusu familia ya wanasesere wa mbao wanaoishi ndani ya kabati la viatu. Mwenye nyumba akiwepo, wamelala kimya kama kuni. Akitoka tu, wanaamka, wanajinyoosha, wanagombania nafasi ya kukaa. Siku hiyo babu yao, mwenye mguu mmoja wa springi, anazolewa kwa bahati mbaya pamoja na takataka. Basi familia nzima, baba, mama, watoto, na mtoto mchanga asiye na kichwa, wanapanda juu ya brashi ya viatu na kwenda kumwokoa. Wanapita chini ya paka, wanavuka sinki, wanaangukia kwenye unga.

Filamu ilikuwa imetafsiriwa na mtu mmoja tu. Sauti yake ilikuwa nzito, ya mikwaruzo, kama mtu aliyemeza mchanga, na yeye ndiye aliyesema maneno ya wote. Mama wa mbao akifungua mdomo, linatoka jidume. Mtoto mchanga, hata bila kichwa, akilia, linalia jidume. "Oyaa! Mzee kachukuliwa! Familia kusanyikeni! Leo hatoki mtu hapa!" Watu walicheka mpaka mteja mmoja akasahau chumvi yake.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nafikiri. Nilikuwa nimepata ukweli mkubwa: kumbe wanasesere wako hai, na kumbe lugha yao ni Kiswahili. Wale wa mbao hawakutamka hata neno moja la Kisubi, na mimi niliwasikiliza mwanzo hadi mwisho.

Kesho yake nikashuka bondeni na Mama alipokwenda kuchota maji. Mama ndiye aliyenionyesha kufinyanga. Kwao Kibimba, alisema, walipokuwa wadogo walifinyanga ng'ombe wenye pembe ndefu kuliko miguu. Nikafinyanga familia yetu. Baba nikampa kofia ya kizibo cha soda. Mama nikamfanya mnene kwa heshima. Bibi nikamwekea kiko cha kijiti mdomoni, kwa sababu Bibi bila kiko si Bibi. Deo nikamchongea mdomo uliozunguka uso mzima. Mwisho nikajifinyanga mimi: mwembamba, nywele fupi, mikono imeganda ubavuni, na kwa ncha ya mwiba nikamtoboa mdomo mdogo, lakini uliofunguka.

Nikawaanika kwenye mwamba nyuma ya nyumba, pale pale Bibi alipokuwa anaanika makopa, yaani mihogo iliyolowekwa, ikachanwa na kukaushwa kwa ajili ya unga. Udongo ule wa bondeni ukiwa mbichi ni mweusi, lakini ukikauka unakuwa mweupe wa majivu. Baada ya jua la siku chache, ukiwa mbali usingeweza kusema hili ni kopa na huyu ni Baba.

Niliwasalimia kwa Kisubi. Kimya. Nikawaambia kwa Kihangaza kwamba wasiogope, ni mimi. Kimya. Nikaingia ndani, nikahesabu pumzi kadhaa, nikachungulia. Hawakutikisika. Lakini kila nilipotoka mchana nilikuta wamehama! Baba yuko kule, Bibi amelala kifudifudi, Deo kageukia upande wa pili. Leo najua ni Bibi aliyekuwa anageuza makopa ili yakauke pande zote, na akawa anawageuza na wao humo humo bila kuuliza. Wakati ule nilijua kitu kimoja tu: wanatembea, ila hawanijibu kwa sababu sijawasemesha kwa lugha yao.

Basi nikaanza. Nilikaa kwenye mwamba, mgongo kwa nyumba, nikanong'ona Kiswahili. Mwanzoni nilikuwa nacho kidogo sana. Nilichukua cha redioni: "Sasa ni taarifa ya habari." Nikachukua cha kanisani: "Mnatangaziwa kwamba." Lakini kingi kabisa nilichukua kwa yule mtafsiri, kwa sababu ndiye mwenyeji wa wanasesere. Kila mchana nilikwenda mlangoni kwa kina Zuwena, filamu ikirudiwa na kurudiwa, nikarudi mwambani na maneno mapya mdomoni kama mtu aliyebeba maji bila ndoo. Na sauti nayo nikaichukua. Sikujua kwamba maneno na sauti vinatenganishika. Nilikoroma kama yeye.

"Oyaa, Baba, shika adabu yako," nilimwambia Baba wa udongo.

"Mama, familia ina njaa, toa ugali haraka sana."

"Bibi, weka silaha chini." Hiyo ilikuwa kiko.

Msichana wa udongo ndiye aliyejibu wote. Nilimshika mkononi na yeye akaongea, mimi midomo yangu ikimsaidia tu. Alijua kila kitu. Aliulizwa jina, akalisema. Aliulizwa anakaa wapi, akasema Runazi, nyuma ya senta, nyumba yenye mwamba. Alisimulia habari ya Deo alivyopigwa teke na mbuzi, akasimulia vizuri hadi Baba wa udongo akaanguka chali. Hapo ndipo mpango ukanijia, na nikapata usingizi kwa mara ya kwanza tangu shule ifungwe. Siku ya kufungua nitamtia mfukoni. Mwalimu Edina akiuliza, nitamtoa, nitamsimamisha mezani, na yeye atasema. Yeye ndiye atakayeingia la kwanza. Mimi nitaingia naye kwa kuwa ndiye mbebaji.

Siku ya mwisho ya likizo jua liliwaka asubuhi kama limetumwa, halafu saa ya chakula wingu likatokea upande wa Bisibo, jeusi, na upepo mbele yake. Nyumbani kwetu wingu kama hilo likionekana makopa yakiwa nje hakuna anayeuliza zamu ya nani. Baba aliacha sahani, Mama akamweka mtoto chini, Deo akaja na mifuko ya salfeti. Mimi nilitumwa kufungia kuku. Nilisikia nyuma ya nyumba wakikwangua mwamba kwa mikono, krr krr krr, na matone ya kwanza yakipiga bati.

Mvua yenyewe ilipita kama mgeni asiyetaka kukaa. Ilipokatika Mama akasema unga umekwisha, na makopa ya mfuko mmoja yamekauka vizuri, bora yakasagwe kabla giza halijaingia. Deo akafunga mfuko nyuma ya baiskeli, wakaondoka, yeye anaikokota na Mama anasukuma.

Nikazunguka nyuma. Kwenye mwamba, pembeni kwenye ufa nilikokuwa nawalaza, Baba alikuwepo. Mama alikuwepo. Deo alikuwepo. Bibi alikuwepo, kiko kimelowa. Msichana, niliyemwacha katikati ya makopa asubuhi baada ya mazoezi yetu, hakuwepo.

Nikamkimbilia Bibi wa kweli na kumuuliza kwa Kisubi kama wamemwona msichana wangu.

"Msichana gani? Mvua ilikuja, mwanangu, tumezoa kila kilichokuwa cheupe," Bibi akasema, akapuliza moshi.

Cheupe! Nilielewa papo hapo. Yuko kwenye mfuko. Anakwenda mashineni. Kesho ni shule, na mtu pekee wa nyumba yetu anayeweza kumjibu Mwalimu Edina anakwenda kusagwa unga.

Mtu mwingine angekimbia peke yake. Lakini mimi nilikuwa nimeiona filamu ile mara nyingi, na ndani yake haendi mtu mmoja, inakwenda familia. Nikanyanyua ncha ya gauni, nikawaweka wote wanne humo, nikashika kwa mikono miwili na kutoka mbio.

Njia ilikuwa utelezi. Kwenye kona ya kwanza kizibo cha Baba kiliruka, nikarudi kukiokota. Mbele kidogo Mama wa udongo akapoteza mguu, na yule mnene bila mguu alikuwa anamgonga Deo mdomoni kila nikipiga hatua. Nilipofika dukani Zuwena alikuwa anafagia maji kizingitini.

"We Bubu! Unakimbilia wapi na gauni juu hivyo? Chupi yote nje!"

Sikusimama. Akatupa ufagio akanifuata. "Umebeba nini? Mayai?" Akachungulia. "Ee, wanasesere! Huyu Bibi kichwa chake kinachezacheza." Papo hapo kichwa cha Bibi kikaanguka, kikavingirika kuelekea kwenye dimbwi. Zuwena akakidaka, kiko na vyote, akakishika juu kama mshumaa. "Kimbia tu, ninacho!"

Mashine ilikuwa chini ya senta, kibanda cha bati, na ilikuwa inanguruma kwa namna ya kutikisa tumbo. Mbele yake foleni ya wanawake na madebe yao, wote weupe kope. Msagaji alikuwa kijana wa Kisukuma, Shija, pamba masikioni, nyusi za unga kama mzee. Hakujua neno la Kisubi wala la Kihangaza, na watu walikuwa wanamnunia kwa hilo. Mama alikuwa ameshafika zamu yake. Shija alikuwa ameunyanyua mfuko wetu begani, anaanza kuumimina kwenye mdomo wa mashine, vipande vya kwanza vimeshaingia, kra kra kra.

Nikapiga kelele kwa Kisubi. Niliita Mama, nikasema simameni, msichana yumo. Mashine ikameza sauti yangu yote. Deo peke yake aliniona. "Rudi nyumbani, utagongwa na mkanda!" Nikamvuta Shija shati. Akageuka, akaona kitoto chenye matope na gauni lililojaa vifinyango, kinalia kwa lugha asiyoijua.

"Ng'wanawane, unataka kukatwa mkono?" akasema, akiniita mwanangu kwa Kisukuma chake. "Anasema nini huyu? Mtoeni hapa!"

Akaunyanyua mfuko tena.

Hapo sijui kilichotokea ndani ya koo langu. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa nimewashika wanne wangu kwa nguvu, na nikavuta pumzi mpaka kwenye magoti, na kilichotoka hakikuwa sauti ya mtoto. Kilitoka kile cha mchanga, kizito, cha mikwaruzo, kikapita juu ya mashine.

"OYAA! MZEE WA MASHINE! ZIMA HIYO MASHINE SASA HIVI! NDANI YA MFUKO KUNA MTU! LEO HATOKI MTU HAPA!"

Mwanamke mmoja akaangusha debe. Mwingine akapiga yowe, "Mtu! Kuna mtu kwenye mfuko!" Shija uso ukambadilika hata chini ya unga, akautupa mfuko chini kama umemuunguza, akarukia injini. Mashine ikakohoa, ikajizungusha mara za mwisho, ikanyamaza. Nilisikia unga ukitua.

"Mtu gani? Mtoto wa nani?" watu wakaulizana. Mama alikuwa amejishika kifua. Deo, ambaye siku zote ana la kusema, mdomo wake ulikuwa umefanana kabisa na ule niliomchongea.

Shija akaumwaga mfuko wote sakafuni. Makopa yakatawanyika. Akapiga magoti, akapapasa, akatoa kimoja, akakigeuza kwenye mwanga. Kilikuwa na miguu miwili na mikono iliyoganda ubavuni.

"Ndo huyu?" akauliza.

"Ndiye," nikasema.

Kicheko kilianzia kwa Shija. Alikaa chini kabisa juu ya makopa yetu, akacheka machozi yakachora mistari kwenye unga. Wanawake wakadakia. Halafu akamgonga yule msichana kwa ukucha, akaacha kucheka. "Lakini jamani, huyu ni udongo mkavu, ni jiwe huyu. Angenipasulia chekeche, na unga wa wote mliopo hapa ungekuwa mchanga. Mtoto huyu katuokoa. Mtoto wa nani mwenye sauti kama ya tingo wa lori?"

"Ni Bubu!" Zuwena akapiga kelele, kichwa cha Bibi bado kimenyanyuliwa mkononi. "Bubu kasema! Mwalimu, umesikia? Kasema Kiswahili kitupu!"

Mwalimu? Nikageuka. Nyuma ya foleni, kitenge kichwani, debe la mahindi miguuni, alikuwa amesimama Mwalimu Edina. Alikuwa mweupe wa unga kama wengine ndiyo maana sikumtambua. Watu wakampisha. Akaja mbele yangu, akachuchumaa.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba." Alimnyooshea kidole msichana wa udongo. "Huyo aliyekuwa kwenye mfuko ni nani?"

"Ni mimi."

"Wewe?"

"Ndiyo. Anakaa Runazi, nyuma ya senta. Kesho anaenda la kwanza."

Watu wakacheka tena, lakini safari hii kilikuwa kicheko kingine, kama cha watu wanaosogea karibu na moto. "Hebu tuambie alifikaje humo," Mwalimu akasema.

Nikawaambia. Nilianza na kabati la viatu, nikaja bondeni, nikafinyanga mmoja mmoja mbele yao. Nilipomfikia Bibi na silaha yake mdomoni, Shija akachomoa pamba masikioni. Nilisema wingu, nilisema krr krr krr, nilisema "tumezoa kila kilichokuwa cheupe" kwa sauti ya Bibi, na nilisema Zuwena alivyodaka kichwa. Zuwena akakionyesha. Nilikosea sana, najua. Nilisema "arikuwa" na "mvua arikuja", na mama mmoja akanirekebisha kwa upole, na mwingine akamwambia, "Mwache bwana, hebu tusikie." Sikuona haya hata kidogo. Hilo ndilo linalonishangaza hadi leo, mimi ambaye nikiitwa ubaoni viganja vinalowa. Nilikuwa nimesimama katikati ya foleni nzima, mashine imezimwa kwa ajili yangu, na hakuna aliyekumbuka kudai zamu yake.

Nilipomaliza, Mwalimu Edina aliinuka akajikung'uta.

"Mama Deo, kesho usiniletee mimi. Mpeleke moja kwa moja la kwanza. Na akae nyuma, wale wasiosikika ndio wakae mbele."

"Asante, mwarimu," Mama akasema. Alikuwa anafuta macho kwa ncha ya khanga, akisingizia unga.

Shija alitusagia sisi kwanza, na akasema yeye ni fundi wa mashine, haogopi kitu, ila sauti ile asiisikie tena akiwa amebeba mzigo. Watu walitusindikiza kwa macho mpaka kona ya senta. Mtoto mmoja wa awali, bingwa wa kukoroma, alikuwa amekaa na dada yake kwenye foleni. Nilipompita nikamwambia, "Oyaa, kaa vizuri." Akakaa vizuri.

Njiani nilishika baiskeli upande mmoja, Zuwena upande wa pili. Nikaanza tena habari yote tangu kabati la viatu, maana Deo alikuwa anadai hakusikia mwanzo. Nikaongeza paka. Nikamuuliza Zuwena la kwanza wanakaa wangapi kwenye dawati, nikajijibu mwenyewe. Nikawasalimia watu wawili wanaotoka shamba, shikamoo, shikamoo, nikawaeleza tunakotoka. Nikamweleza Deo kwa Kiswahili mdomo wake ulivyokuwa pale mashineni, naye akajifanya anakaza kamba ya mfuko. Kufika karibu na nyumbani nilikuwa nimeanza kueleza nitakachomwambia mwalimu wa la kwanza, na mwalimu wa la pili, na mwalimu mkuu.

Mama alisimama. Akashusha pumzi, akanigeukia. Mwanamke yule aliyekuwa ananiombea kila jioni baada ya wagonjwa na mvua akaniambia, kwa Kiswahili, "Mwanangu, hebu nyamaza kidogo."

Sikunyamaza.